Hoteli Iliyobebwa na Antena

Mwanzoni mwa mwaka 1963 mashirika mawili ya umma ya Chekoslovakia yalikuwa yakikitazama kilele kimoja cha mlima, kila moja kwa haja yake. Shirika la migahawa lilitaka hoteli mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeteketea kwa moto mwezi Januari. Idara ya mawasiliano ya redio nayo ilitaka mnara wa kudumu wa kurushia matangazo ya televisheni, maana mtambo uliokuwapo ulikuwa wa muda. Haja mbili, mafungu mawili ya fedha, wakubwa wawili tofauti. Katika uchumi wa mipango, mambo ya namna hiyo yaliishia kwa majengo mawili: kila shirika linajenga lake, kila moja linatoa hesabu kwa wizara yake, na hakuna anayemwuliza jirani anafanya nini.

Mlima huo unaitwa Ještěd. Una urefu wa mita 1,012 kutoka usawa wa bahari na umesimama kusini-magharibi mwa Liberec, mji wa mkoa ulioko kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Cheki, Ujerumani na Poland. Juu yake limesimama jengo moja tu. Ni hoteli na ni mnara wa televisheni kwa wakati mmoja, na mtu akiwa mjini hawezi kusema ni wapi hasa mlima unaishia na jengo linaanza.

Majengo ya enzi ya ukomunisti Ulaya ya Mashariki yameandikiwa mengi, na mara nyingi mwandishi huwa ameshakata shauri kabla hajafika. Mmoja huyaona kuwa zege la dola iliyojaa mabavu, mwingine huyatazama kama mabaki ya ndoto nzuri iliyopotea. Hoteli ya Ještěd haikubali kusomwa hivyo. Ilijengwa kwa fedha za dola hiyo hiyo, lakini walioibuni walikuwa wataalamu wa mkoani waliokiuka maelekezo ya kazi waliyopewa. Na kama imenusurika hadi leo, sababu ni kwamba tangu siku ya kwanza chumba cha mgeni na chumba cha mitambo viliwekwa katika mwili mmoja. Jambo hili la pili halitiliwi uzito unaostahili, na ndilo lenye mafunzo zaidi kwa yeyote anayeshughulika na hifadhi ya majengo ya karne ya 20.

Kwanza mji wenyewe. Liberec haukuwa kijiji kilichokuzwa na mpango wa miaka mitano. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na mji wa Wajerumani: wao waliuita Reichenberg, na wao ndio waliokuwa wengi ndani yake hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Chama chao cha wapenda milima ndicho kilichojenga hoteli ya kwanza kubwa juu ya Ještěd, kwa michoro ya msanifu Ernst Schäfer, ikafunguliwa mwaka 1907. Mwaka 1933 likaja gari la waya, likaifanya safari ya kupanda mlimani kuwa jambo la dakika chache. Mwaka 1938 eneo hilo likamegwa na kutiwa katika Ujerumani ya Hitler, na Reichenberg ukawa makao makuu ya jimbo la Sudeten. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa, wengi wao katika miaka ya 1945 na 1946, na mji ukajazwa na watu waliotoka sehemu nyingine za nchi.

Ukilisahau hilo, hutaelewa kwa nini hoteli hii ilipendwa upesi. Wakazi wapya wa Liberec walirithi barabara, viwanda na nyumba zilizojengwa na watu wengine, katika lugha nyingine. Hata hoteli ya mlimani ilikuwa ya wale walioondoka. Moto wa 1963 ulipoiteketeza, nafasi ilipatikana ya kuweka juu ya mji kitu ambacho kizazi kipya kingeweza kukiita chake. Hakuna aliyeliandika hilo katika maelekezo ya kazi, lakini lilikuwamo.

Kazi ya kubuni ilipewa Stavoprojekt, ofisi ya serikali ya usanifu mjini Liberec. Baada ya 1948 wasanifu binafsi walikuwa wamefutwa. Kila msanifu aliajiriwa katika ofisi ya namna hiyo, na kila mkoa ulikuwa na yake. Wafanyakazi wa ofisi wakashindanishwa wao kwa wao. Michoro iliyowasilishwa ilifuata maelekezo: hoteli upande huu, mnara upande ule. Mchoro mmoja tu uliviunganisha, na mwenyewe alikuwa Karel Hubáček, mzaliwa wa Praha wa mwaka 1924, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa nje ya mkoa.

Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza. Kilele ni kimoja na ni chembamba. Ukiweka majengo mawili, yatagombana, na mlima utapoteza umbo lake. Ukiweka moja linaloendeleza mteremko wa mlima kwenda juu, umbo litakamilika. Hubáček akachagua umbo ambalo wanahisabati huliita haipaboloidi: mstari uliobonyea kwa ndani unazungushwa kandokando ya mhimili ulio wima, na kinachopatikana ni kitako kipana kinachonywea kidogo kidogo hadi kuwa ncha. Kitako cha jengo kina kipenyo cha mita 33 hivi. Ncha imepita mita 90 kutoka chini. Ndani yake mna mihimili miwili ya zege, mmoja ndani ya mwingine, inayobeba sakafu zote na kupitisha lifti, mabomba na nyaya.

Mpangilio wa ghorofa unafuata mantiki ya umbo. Chini, penye nafasi, pana ukumbi, mgahawa na mkahawa, vyenye madirisha yanayozunguka jengo. Juu ya hapo vimejipanga vyumba vya wageni, kila kimoja kikiwa kipande cha duara. Jengo likizidi kunywea, vitanda vinaishia na mitambo ya matangazo inaanza. Kisha antena. Kila kazi imepewa upana inaouhitaji, na hakuna ghorofa iliyolazimishwa kubeba kisichoifaa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo lilipo jambo kubwa la Ještěd, kuliko hata ile sura yake inayopigwa picha kila siku. Msanifu alizitazama idara mbili ambazo hazikuwa na mazoea ya kuzungumza akaona mahitaji yao hayagongani: moja ilitaka upana wa chini, nyingine ilitaka kimo.

Kuchora ni jambo moja. Kusimamisha jengo hilo juu ya Ještěd ni jingine. Kilele hicho hupigwa na upepo mkali, na majira ya baridi ukungu hugandia kila kitu ukawa ganda zito la barafu. Antena ya kawaida ya vyuma vilivyo wazi ingeelemewa na barafu hiyo, na vipande vikubwa vingedondoka juu ya paa na juu ya watu. Ikabidi antena zifichwe ndani ya ganda, na ganda hilo lisiwe la chuma kwa kuwa chuma huzuia mawimbi ya redio. Likatengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambayo mawimbi hupenya kana kwamba haipo. Sehemu ya chini, isiyo na antena, ikavikwa alumini.

Upepo ulikuwa tatizo gumu zaidi. Mnara mwembamba na mrefu huyumba, na ukiyumba kwa mdundo ulio sawa na mdundo wake wa asili, kuyumba huko huzidi badala ya kupungua. Mhandisi wa miundo Zdeněk Patrman alilitatua kwa kuning'iniza uzito ndani ya sehemu ya juu ya mnara. Mnara ukielekea upande mmoja, uzito unachelewa na kuvuta upande wa pili, na nguvu ya mtikisiko inaliwa. Leo vifaa vya aina hiyo vimo katika maghorofa marefu ya Asia, na wageni hulipa kiingilio kuvitazama. Patrman alikihesabu chake katikati ya miaka ya 1960, katika ofisi ya mkoa, kwa ajili ya hoteli yenye vyumba vichache. Jina lake linastahili kutajwa pamoja na la Hubáček kila mara, jambo ambalo vitabu vya watalii hulisahau.

Jiwe la msingi liliwekwa Julai 1966. Mafundi walifanya kazi kwa kuiwahi hali ya hewa, kwa sababu miezi ambayo mtu angeweza kumwaga zege kwenye kilele kile kwa usalama ilikuwa michache. Jengo likapanda polepole, na siasa za nchi zikaenda kasi kulipita.

Mwaka 1968, katika miezi ya uhuru iliyoitwa Majira ya Kuchipua ya Praha, Hubáček na wenzake walijitoa Stavoprojekt na kuunda kundi lao, SIAL, Muungano wa Wahandisi na Wasanifu wa Liberec. Tarehe 21 Agosti mwaka huo majeshi ya nchi za Mkataba wa Warsaw, yakiongozwa na ya Kisovieti, yaliivamia nchi. Katika Liberec vifaru vilipita katikati ya mji, risasi zilifyatuliwa kwenye uwanja wa mbele ya jumba la jiji, na watu tisa walipoteza maisha. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel, ambaye miaka ishirini na moja baadaye angekuwa rais, alikuwapo mjini pamoja na mwigizaji Jan Tříska. Kwa siku kadhaa wawili hao walishiriki katika matangazo ya redio huru kutoka studio ya Liberec. Wakati huo mnara mpya ulikuwa bado ni zege lisilokamilika.

Mwaka uliofuata ikaja heshima ambayo haikutarajiwa. Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo ulimpa Hubáček Tuzo ya Auguste Perret ya 1969, inayotolewa kwa ufundi wa hali ya juu katika usanifu. Tuzo hiyo ilitolewa miaka minne kabla jengo halijafunguliwa! Kwa ofisi ya mkoani katika nchi iliyokuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni, hiyo ilikuwa ngao. Serikali iliyorudisha mkono mzito baada ya 1968 iliirudisha SIAL chini ya Stavoprojekt mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila jengo lenyewe lingeachwaje likiwa nusu, hali wasanifu wa dunia nzima walikwisha kulitambua? Tena televisheni ilihitajika. Dola iliyorejesha udhibiti wa habari haikuwa na sababu yoyote ya kuchelewesha mtambo wa kurushia habari hizo. Ni ukweli mchungu, lakini ni sehemu ya historia ya hoteli hii: kilichohakikisha fedha zake zinakuja ni antena.

Hoteli na mnara vikafunguliwa Septemba 1973, miaka kumi baada ya moto.

Aliyeingia mwaka huo hakukuta samani za dukani. Msanifu wa ndani Otakar Binar alichora kila kitu kwa ajili ya nyumba hii moja, kwa sababu ukuta uliopinda haukubali kabati iliyonyooka. Palikuwa na viti vya kuning'inia ambamo mgeni alikaa kama ndani ya yai huku akitazama mabonde, palikuwa na taa zake, mazulia yake, na nakshi za kauri za Děvana Mírová. Kwenye mhimili wa zege unaopita katikati ya jengo, Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová walipachika vipande vya kioo kana kwamba vimondo vilianguka kutoka angani vikakwama ukutani. Wawili hao, mume na mke, walikuwa miongoni mwa wasanii wa kioo wanaoheshimiwa zaidi duniani katika karne iliyopita, na karakana zao zilikuwa Železný Brod, mji mdogo ulio karibu na Liberec.

Hapa ndipo umuhimu wa mkoa unapoonekana. Mikoani, katika utaratibu ule, vitu vingi havikupatikana: vifaa vilivyotoka nje vilikwenda Praha, na hoteli za mji mkuu zilizokusudiwa wageni wenye fedha za kigeni zilitangulia katika foleni. Lakini Liberec ilizungukwa na ufundi wa vizazi vingi. Jablonec ilijulikana kwa shanga na mapambo ya kioo, Železný Brod kwa shule yake ya kioo, Liberec yenyewe kwa nguo. Binar hakulazimika kuagiza mbali. Mkoa ulijijengea hoteli kwa mikono iliyokuwapo, na ndiyo maana haifanani na hoteli nyingine yoyote ya enzi hiyo. Anayedai kwamba ujamaa wa Ulaya ya Mashariki ulizaa majengo ya sura moja tu anazungumzia mitaa ya nyumba za kupanga zilizomiminwa viwandani, na hapo hakosei. Ila kuna ofisi kama SIAL zilizofanya kinyume chake ndani ya mfumo huo huo, kwa mishahara hiyo hiyo.

SIAL haikuishia mlimani. Tangu 1969 ilikuwa na kituo cha kulea vijana waliomaliza chuo, katika nyumba iliyowahi kuwa baa huko Jedlová. Walikaa pamoja, wakala pamoja na kuchora pamoja. Humo walipita Martin Rajniš, John Eisler, Mirko Baum na wengine waliokuja kuwa na majina makubwa. Miroslav Masák, aliyekuwa nguzo ya kundi pamoja na Hubáček, baada ya mapinduzi ya 1989 akawa mshauri wa Rais Havel katika mambo ya usanifu.

Na SIAL ilijenga Ještěd ya pili. Hili lilikuwa duka kubwa la ghorofa katikati ya Liberec, kazi ya Hubáček na Masák, lililopewa jina la mlima na kukamilishwa mwaka 1979. Lilivikwa chuma kile kinachoachwa kishike kutu ya juu ili kutu hiyo iwe kinga yake, na vigae vya rangi ya chungwa. Wasanifu walilistahi sana. Wakazi waligawanyika: waliolipenda, na waliosema ni bati lenye kutu katikati ya mji wao.

Mwaka 2009 likabomolewa. Waliojitahidi lilindwe kisheria hawakufanikiwa, na mahali pake pakajengwa maduka ya kisasa. Hubáček alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 85. Alifariki miaka miwili baadaye.

Majengo haya mawili yafaa yawekwe bega kwa bega, kwa sababu karibu kila kitu kinalingana: msanifu mmoja, ofisi moja, jina moja, mji mmoja, na muongo uleule. Hoteli ya mlimani ilitangazwa kuwa mnara wa taifa wa utamaduni mwaka 2006, na kabla ya hapo, mwaka 2000, wataalamu walioulizwa waliichagua kuwa jengo la karne la nchi yao. Duka likapelekewa mitambo ya kubomolea. Mtu atasema hoteli ni nzuri zaidi. Labda. Ila uzuri peke yake haujawahi kuzuia ubomoaji mahali penye kiwanja cha thamani, na hapo ndipo tofauti ya kweli inapoanza. Duka lilikuwa na kazi moja, kuuza, na biashara ikabadilika. Kiwanja chake kilikuwa katikati ya mji. Hoteli ilikuwa mahali ambapo hakuna mwekezaji angeweza kujenga maduka, na ilikuwa imebeba mitambo ambayo lazima iwe na mwenyewe, umeme, barabara iliyosafishwa theluji na mtu wa zamu mwaka mzima. Katika miaka ya mpito baada ya 1989, hoteli nyingi za aina hii katika nchi jirani zilifungwa, zikavunjwa vioo na kuota miti juu ya paa. Ještěd ilibaki na joto kwa sababu antena ilibaki kazini, mikononi mwa České Radiokomunikace, kampuni ya mawasiliano iliyorithi mitandao ya dola.

Kubaki na joto si kubaki mzima, hata hivyo. Samani za Binar ziliondolewa kidogo kidogo, nyingine zikapotea. Wapangaji walioendesha mgahawa walibadilisha walichoweza kubadilisha. Kampuni ya mawasiliano haikosi uwezo wa kutunza kifaa cha matangazo, lakini haijaundwa kutunza kitasa cha mlango kilichochorwa na msanifu, na isingekuwa haki kuitarajia ijue tofauti bila kufundishwa. Jitihada za miaka ya karibuni za kurudisha vyumba katika hali ya 1973, na kutafuta vitu vya asili vilivyotawanyika, ni za kupongezwa kwa moyo wote, ingawa zimeanza kwa kuchelewa.

Upendo wa watu haukuchelewa. Umbo la mnara limo katika nembo ya klabu ya mpira ya Slovan Liberec. Mwaka 2006 mwandishi Jaroslav Rudiš na mwongozaji David Ondříček walitoa riwaya na filamu zenye jina moja, Grandhotel, kuhusu mtu anayefanya kazi katika hoteli hiyo, anayefuatilia hali ya hewa, na ambaye hajaweza kutoka nje ya mji wake.

Tarehe 31 Oktoba 2021 kebo ya gari la waya ilikatika. Gari moja lilianguka, na mfanyakazi aliyekuwamo ndani akafa; abiria waliokuwa katika gari la pili waliteremshwa salama. Huduma iliyoanza 1933 ikasimama. Mgeni wa hoteli akabakiwa na barabara au miguu, na msongamano wa magari kwenye njia ya mlimani ukawa sehemu ya mjadala wa jengo lenyewe.

Mjadala huo una upande unaohitaji kupingwa waziwazi. Kadiri Ještěd inavyozidi kuheshimiwa, ndivyo fikra inavyozidi kupata nguvu kwamba vyumba vingefaa kuwa maonyesho, na mgahawa uwe ukumbi wa kutembelewa kwa tiketi. Nia ni njema. Lakini chumba kisicholalwa husahaulika katika bajeti, na jengo lililobuniwa kwa matumizi mawili likibakiwa na moja litakuwa limepoteza nusu ya hoja yake. Matangazo ya televisheni nayo yanabadilika: watazamaji wanahamia intaneti, na ipo siku ambapo antena peke yake haitatosha kulipia ukarabati wa ganda linalopigwa na barafu kila mwaka. Siku hiyo kitanda ndicho kitakachopaswa kuibeba antena. Kwa hiyo vyumba vikarabatiwe vikiwa vyumba, kwa bei ambayo familia ya Liberec inaweza kumudu usiku mmoja, na gari la waya lijengwe upya kwa viwango vya leo kabla fedha hazijaelekezwa kwenye jambo jingine lolote juu ya mlima ule.